Presha ya baba hushuka kila akiwa kwenye mashine. Kweli ni maji tu?

Shikamoo Mama Mshauri,

Nakuandikia nikiwa nimechoka, kwa hiyo unisamehe barua ikiwa ndefu. Baba yangu ana miaka 61. Ana kisukari cha muda mrefu, na mwaka jana figo zake zilishindwa kabisa. Anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, muda wa saa nne kila kikao, kwa fistula, yaani mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili uchomwe sindano za mashine, iliyo mkono wa kushoto. Miezi ya mwanzo tulikwenda vizuri. Siku hizi karibu kila kikao, ikifika saa ya tatu, presha inashuka.

Nimeshajua inavyoanza. Anapiga miayo, mmoja juu ya mwingine. Kisha ananyamaza, paji la uso linalowa jasho, anasema haoni vizuri. Nesi akija kupima, mtu aliyeingia na presha ya 160 kwa 85 sasa ana 85 kwa 50. Wanashusha kitanda, wanamwinua miguu, wanafungulia dripu, na mara nyingi wanamtoa nusu saa kabla ya wakati. Wiki iliyopita alitapika, akapoteza fahamu kidogo. Akirudi nyumbani sauti imekauka, usiku misuli ya miguu inamkaza mpaka analia, na kesho yake hana nguvu ya kutoka kitandani.

Jibu tunalopewa ni lilelile: "Mzee anakunywa maji mengi." Uzito wake mkavu ni kilo 64, ulipangwa alipoanza matibabu. Anafika na kilo 67, wanapanga kumtoa lita tatu au zaidi. Kaka yangu anaamini baba anakunywa kwa siri. Tumefikia kufungia jagi kabatini, na mimi, kitinda mimba wake, ndiye ninayemhesabia mafunda. Baba anaapa hazidishi. Juzi alisema kuliko kuishi hivi, afadhali aache mashine.

Labda haya nayo yatakusaidia. Dawa zake mbili za presha anameza alfajiri kabla hatujatoka, na insulini anachoma wakati huohuo. Nyumbani hali kitu; chakula chake kizito namletea akiwa kwenye mashine, kwenye saa ya pili hivi. Hamu ya kula imemrudia siku hizi, hata suruali zinambana. Mkojo bado anapata kidogo.

Kweli tatizo ni maji tu? Mbona presha iko juu anapoingia, halafu inashuka palepale? Dawa za presha aziache siku za mashine? Na hali hii ni hatari, au ni jambo la kuzoea?

Binti mwenye hofu

*

Marahaba, mwanangu, na pole. Mfikishie mzee pole zangu pia.

Kabla ya lolote, toeni hilo jagi kabatini. Maji yamo kwenye hesabu, sikatai, lakini barua yako imejaa sababu nyingine ambazo baba yako hawezi kuziondoa hata akibana kiu mpaka ulimi ugande. Nimefanya kazi kwenye chumba cha mashine miaka mingi kabla ya kustaafu, na neno hilo la "anakunywa maji mengi" nimelisikia likitolewa kwa mgonjwa kabla hata mizani haijatazamwa. Mara nyingine huwa kweli. Mara nyingine huwa ni njia ya haraka ya kufunga mazungumzo.

Nianze na jinsi presha inavyoshuka, maana ukilielewa hilo, mengine yote yatajipanga. Mashine haichoti maji kutoka kwenye mguu uliovimba wala kwenye mapafu. Inachota ndani ya mshipa tu. Mtu mzima wa umbo la kawaida ana kama lita tatu za plazma, yaani ile sehemu ya damu iliyo maji, na baba yako anatolewa lita tatu na zaidi kwa saa nne. Ungetegemea mishipa ikauke kabisa. Haikauki, kwa sababu kadiri mashine inavyotoa, maji yaliyotuama kwenye nyama za mwili yanaingia ndani ya mishipa kuziba pengo, yakivutwa hasa na protini ya damu inayoitwa albumini. Ni habari ya kisima: ukiteka kwa mwendo wa chemchemi, maji yanakaa palepale, ukiteka haraka kuliko chemchemi inavyojaza, ndoo inagonga mchanga.

Wakati huo mwili nao hujitetea. Mishipa midogo inajibana, moyo unaongeza kasi, na presha inashikiliwa juu kwa muda mrefu kuliko ungedhani. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuwa mzima saa mbili nzima akizungumza na jirani yake wa kitanda, kisha akazimika kwa dakika chache. Kwa hiyo ukiona presha imeanguka, ama maji yanatolewa haraka mno, ama nyama hazina tena maji ya kurudisha, ama mishipa na moyo vimeshindwa kujitetea. Kwa baba yako nashuku yote, lakini si kwa uzito sawa.

Ninachokishuku kwanza ni hizo kilo 64.

Uzito mkavu ni uzito wa mtu asipokuwa na maji ya ziada mwilini. Ni makadirio ya daktari, anayoyafanya kwa kutazama uvimbe, pumzi, presha, na jinsi mgonjwa anavyojisikia baada ya kutoka kwenye mashine. Kwa baba yako ulipangwa alipoanza, na wengi huanza wakiwa wamekonda na hawali. Sasa anakula, suruali zinambana. Mizani haijui kutenganisha kilo ya nyama na kilo ya maji. Tuseme ameongeza kilo moja na nusu ya mwili wake mwenyewe. Uzito wake mkavu wa leo ni 65.5, na kila anapolazimishwa kushuka mpaka 64 anakamuliwa lita moja na nusu ambayo haikuwa ya ziada. Tazama sasa jinsi ulivyoniandikia: presha inashuka saa ya tatu wakati saa ya kwanza yuko sawa, sauti inakauka, misuli inakaza usiku, kesho yake hawezi kuinuka. Hizo ni dalili za mtu aliyetolewa maji kupita mahali pake. Na mtu wa namna hiyo anarudi nyumbani na kiu ya kweli, kiu ambayo mwili wenyewe unaamuru, ananywa, anafika kikao kijacho na kilo tatu, anaitwa mkaidi.

Inawezekana nimekosea, kwa sababu simwoni. Kiuno kinaweza kubana kwa sababu tumbo limejaa maji, ndiyo maana lazima daktari amlaze amwangalie. Lakini mtu aliyejaa maji kwa kawaida huvimba miguu, hukosa pumzi akilala chali, na hupata nafuu akishatolewa. Wewe hujaniandikia hata kimoja. Omba uzito mkavu uangaliwe upya wiki hii. Kwa maoni yangu haupaswi kukaa zaidi ya mwezi bila kutazamwa, na utazamwe mapema zaidi mtu akitoka kulazwa au ulaji wake ukibadilika.

Ile 160 kwa 85 ya kuingia ndiyo inayowapotosha wengi, na hapa najibu swali lako la pili. Presha ya kuingia imebeba chumvi na maji ya siku mbili au tatu, na huwa mbaya zaidi baada ya lile pengo refu la wiki, yaani siku mbili mfululizo bila mashine. Daktari akiitazama hiyo peke yake ataona mtu mwenye maji mengi na ataagiza atolewe zaidi, na presha itaanguka zaidi. Mpe namba nyingine ya kulinganisha: mpimeni baba nyumbani asubuhi inayofuata siku ya mashine, akiwa ameketi, kisha akisimama. Tumieni mkono wa kulia. Mkono wenye fistula haufungwi kipimo cha presha.

Na kabla ya kumshuku mgonjwa, shuku mizani. Nimeona watu wakipimwa siku moja na viatu na sweta, siku nyingine bila. Simu mfukoni, blanketi begani. Kila kitu cha nusu kilo kinachopanda mizani wakati wa kuingia ni nusu lita itakayotafutwa kwenye mshipa wa mtu. Apimwe na nguo zilezile, mifuko mitupu.

Sasa maji. Kama kaka yako anataka kitu cha kusaka nyumbani, asake chumvi. Mtu mwenye figo zilizoshindwa akila chumvi hana pa kuitoa, na mwili utadai maji ya kuizimua mpaka uyapate: kama gramu 9 za chumvi zinataka karibu lita nzima. Hakuna nidhamu inayoshinda kiu hiyo kwa miezi. Ushauri wa kawaida ni chumvi isiyozidi gramu 5 kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile iliyokwisha kuwamo ndani ya vyakula vya makopo, vya pakiti na viungo vya unga vya kiwandani. Hiyo iliyojificha ndiyo nyingi. Chumvi ikipungua, kiu inapungua yenyewe, na nusu lita hadi lita moja kwa siku, ukijumlisha na kiasi cha mkojo anaopata, inaanza kuvumilika. Msije mkamnunulia "chumvi mbadala" ya wagonjwa wa presha: nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu, na potasiamu ikipanda kwa mtu wa figo inaweza kusimamisha moyo.

Viko vyanzo viwili vya kiu ambavyo hamvioni. Cha kwanza ni sukari ya damu. Ikikaa juu, mtu wa kisukari ana kiu hata kama chumvi ameacha, kwa hiyo daftari la sukari liangaliwe pamoja na la uzito. Cha pili ni ile dripu. Maji ya dripu ya chumvi ya kawaida yana gramu 9 za chumvi kwa lita. Akipewa nusu lita kila presha inaposhuka, ameingiziwa gramu 4.5, karibu chumvi yote ya siku nzima, moja kwa moja mshipani. Silaumu dripu; mtu akizimika lazima ainuliwe. Ila ujue kwamba inayomwokoa Jumatatu ndiyo inayomtia kiu Jumanne, na mtu anayehitaji dripu kila kikao mpangilio wake wa matibabu una kasoro inayotakiwa kutafutwa.

Mwendo wa kutoa maji nao una hesabu yake, na unaweza kuifanya mwenyewe kwenye simu. Chukua mililita zinazopangwa kutolewa, gawa kwa kilo zake, kisha gawa kwa saa. Lita 3 kwa mtu wa kilo 64 kwa saa 4 ni karibu mililita 12 kwa kila kilo kila saa. Ongeza dripu na chakula anachokula kitandani, ambavyo nesi huvijumlisha kwenye lengo, ufikie lita 3.4, na mwendo unavuka 13. Tafiti za wagonjwa wengi zimehusisha mwendo wa zaidi ya 13 na vifo vingi zaidi, na kwa mwenye moyo dhaifu hata kati ya 10 na 13 si mahali pa kustarehe. Lita hizohizo 3.4 zikitolewa kwa saa tano, mwendo unashuka hadi 10.6. Sijui kidonge kinachofanya hivyo.

Lakini saa ya tano haitajwi sana, na sababu yake wote tunaijua: vitanda ni vichache, mgonjwa wa zamu inayofuata yuko mlangoni. Omba hata hivyo. Kama saa ya tano haipatikani kila mara, omba kikao kimoja kirefu baada ya pengo refu, au kikao cha nyongeza wiki ambayo amezidi sana. Na hiyo tabia ya kumtoa nusu saa mapema ndiyo mbaya kuliko zote. Ikiwa kila kikao, ni saa moja na nusu kwa wiki ambayo damu haikusafishwa, na maji yaliyobaki hayaendi popote. Yanamngoja kikao kijacho yaongezwe juu ya mapya.

Muulize nesi kama wanaweza kuzima utoaji wa maji peke yake presha inapoanza kuyumba, huku usafishaji ukiendelea. Mashine inaweza kuvitenganisha vitu hivyo viwili. Akianza miayo mwite hapohapo, usisubiri jasho. Miayo ni ubongo unaolalamika kabla kipimo hakijasema lolote, na mtu akikamatwa hapo mara nyingi anatulia bila dripu.

Chakula chako unachompelekea kwa mapenzi, mwanangu, nacho kimo. Mtu akila, damu nyingi inakimbilia tumboni na mishipa ya huko inatanuka. Kwa mtu aliyelala nyumbani haina neno. Kwa mtu anayetolewa maji, ni damu nyingine iliyoondoka kwenye mzunguko wakati mbaya kuliko wote. Saa ya pili chakula kizito, saa ya tatu presha chini: hilo linapatana mno nisilitaje. Wako wagonjwa wanaokula kwenye mashine bila shida yoyote, na lishe ni jambo kubwa kwao, kwa hiyo sisemi chakula kikatazwe kwa wote. Kwa anayeshuka presha, kihamishwe: ale kiasi nyumbani mapema kabla ya kutoka, na mlo mzito uwe baada ya kutolewa sindano na presha kupimwa.

Hapo ndipo insulini inaponitia wasiwasi kuliko chakula. Kuchoma alfajiri na kukaa na njaa mpaka saa ya pili ya mashine ni kutafuta sukari ishuke, na sukari ikishuka mtu anatoka jasho, anatetemeka, anaona giza, sawasawa na presha. Kila akizidiwa, mwombe nesi apime na sukari. Kipimo chenu cha kidole kiwe mfukoni mwako. Dozi na saa ya insulini siku za mashine mzipange na daktari wake. Si jambo la kubahatisha.

Dawa za presha: asiziache kwa uamuzi wenu. Ziko ambazo zikikatwa ghafla zinaurusha moyo, hasa zile za kupunguza mapigo. Swali la kumpelekea daktari ni la wakati: je, dozi ya alfajiri inaweza kuhamia jioni, au baada ya mashine? Mtajieni kila dawa kwa jina. Metoprolol, atenolol na lisinopril kwa sehemu kubwa huoshwa na mashine, kwa hiyo kuzimeza asubuhi kuna hasara mbili: zinashusha presha mwanzoni, kisha zinaondoka. Amlodipine, losartan na carvedilol hazioshwi, zinabaki zikifanya kazi kikao kizima. Msisahau kutaja dawa za tezi dume, za maumivu ya kifua, na za nguvu za kiume. Wazee wengi hawazitaji mbele ya mabinti zao, na zote hulegeza mishipa. Kaka yako amuulize hilo faraghani. Hapo atakuwa amesaidia kuliko kwenye ulinzi wa jagi.

Nimeacha kisukari chenyewe mwisho kwa sababu hakina suluhisho jepesi. Kikikaa mwilini miaka mingi huharibu neva zinazoamuru mishipa ijibane na moyo ukimbie. Mgonjwa kama huyo hutolewa maji kwa kiasi ambacho mwenzake angekistahimili, naye akaanguka. Moyo nao huwa umenenepa kuta kwa presha ya miaka, unakuwa mgumu kujaa, na moyo mgumu hautaki kupungukiwa hata kidogo. Ombeni kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti kama hakijafanyika tangu presha ianze kushuka, na waangalie pia kama kuna maji ndani ya utando unaozunguka moyo. Wingi wa damu na albumini navyo vipimwe. Vikiwa chini, ile chemchemi niliyoitaja inajaza polepole.

Upande wa mashine uko pia, japo hauko mikononi mwenu. Majimaji yanayopita kwenye chujio kwa kawaida huwekwa kwenye joto la 36.5 hadi 37. Yakishushwa hadi 36 au 35.5, mishipa ya ngozi hujibana na wengi presha yao hutulia. Atalalamika baridi, lakini ni jambo la kubonyeza tu, halina gharama, nami ningelijaribu kabla ya dawa yoyote. Kiwango cha sodiamu na cha kalsiamu kwenye majimaji hayo nacho kina mchango: sodiamu ya chini mno hushusha presha, ya juu mno humpeleka mtu nyumbani na kiu. Haya yote yakishindikana, ipo dawa ya kubana mishipa iitwayo midodrine, ambayo humezwa muda mfupi kabla ya kikao. Huwa napenda ije baada ya uzito mkavu na muda kurekebishwa, kwa sababu ikija kwanza inaficha kosa lililo chini yake.

Umeuliza kama mzoee. Hapana. Kila presha inapoanguka namna hiyo, sehemu za moyo hukosa damu na kulegea kwa muda, mara nyingi bila maumivu, na zikirudiwa huacha udhaifu wa kudumu. Ubongo na utumbo navyo huguswa. Mkojo ule kidogo unaobaki, ambao kila mililita yake ni maji asiyotakiwa kutolewa na mashine, hukauka mapema zaidi. Fistula inaweza kuganda. Jioni ya siku kama hizo weka vidole juu yake usikie mtetemo. Ukikosekana, rudini hospitali usiku huohuo bila kungoja kikao.

Kuna hali ambazo hesabu zangu zote hazihusiki. Presha ikishuka dakika za mwanzo kabla maji hayajatolewa ya kutosha, akiwa na homa au kutetemeka, kifua kikimbana, pumzi ikimkatika, mgongo ukimuuma ghafla, choo kikiwa cheusi, au presha ikiwa chini hata siku asizokwenda mashine, basi hayo ni ya daktari mara moja. Inaweza kuwa maambukizi, moyo, damu inayovuja ndani, au mwili umekataa kitu kwenye chujio.

Kuhusu neno lake la kuacha mashine: usilijibu kwa hotuba, wala usilifiche. Mtu anayezimika mara tatu kwa wiki, kisha akirudi nyumbani anahesabiwa mafunda na mwanawe, ana haki ya kuchoka. Mwambie kwamba mengi yanayomtesa bado hayajajaribiwa kurekebishwa, na kwamba kuna njia nyingine pia, ya kusafisha kwa kutumia tumbo, ambayo hutoa maji taratibu kila siku na huwafaa baadhi ya watu ambao presha yao haivumilii mashine. Daktari wake ndiye wa kusema kama inamfaa.

Siku ya kumwona huyo daktari baba aingie, aketi mbele, na aulizwe yeye kwanza: anajisikiaje saa moja kabla ya kutolewa, na anajisikiaje kesho yake. Wewe shika daftari lenye uzito wa kuingia na wa kutoka, presha ya kila saa, dripu aliyopewa, na saa aliyokula na kumeza dawa. Ukiniandikia tena, niambie uzito mkavu mpya na presha ya asubuhi inayofuata, ya kuketi na ya kusimama. Hizo zitanitosha kukujibu.